Mtoto wa Dakika ya Nne

Simu ililia saa tatu kasorobo asubuhi, Jicho akiwa bado anafuta vumbi kwenye meza yake ya kazi. Aliyepiga alikuwa mdogo wake, mkunga wa hospitali ya wazazi, mtu ambaye hata nyumba ikiungua ataanza kwa kukuuliza umeamkaje na shemeji hajambo. Siku hiyo hakuuliza.

"Dada, mtoto wa dakika ya nne hana manjano."

Jicho akaketi, kitambaa cha vumbi bado kiko mkononi. Mtoto huyo alimjua kuliko alivyowajua majirani zake. Kwa wiki mbili alikuwa amemtazama mara mia na ushei: mtoto mchanga wa siku tatu, amelazwa juu ya shuka ya kijani, pembeni yake kipande cha shashi nyeupe. Kidole cha mkunga kinashuka, kinambonyeza katikati ya paji la uso, kinainuka. Pale kinapoinuka, kabla damu haijarudi, ngozi husema ilichokuwa ikificha. Kwa mtoto mzima huacha alama iliyopauka tu. Kwa huyu iliacha alama ya manjano, rangi ya kiini cha yai. Filamu nzima ya dakika kumi na mbili ilitengenezwa kwa ajili ya sekunde hiyo moja.

"Anayo," Jicho akasema. "Nimemwona kwa macho yangu."

Mkunga akasema anakuja, akakata simu.

Jina la Jicho alipewa miaka thelathini nyuma, alipokuwa binti wa mapokezi katika duka la mpiga picha. Enzi hizo picha zilitoka kwenye mashine, moja ina wekundu, nyingine ina ukijani, na kuna mtu aliyepaswa kusema hii iende kwa mteja, hii irudiwe. Wengine walitoka nazo nje wakazigeuzageuza juani. Yeye alisema zikiwa bado mbichi. Mwenye duka akazoea kuwaambia wateja wenye haraka, "Ngojeni jicho lipite," na jina likamganda. Picha za karatasi zilipokufa akahamia kwenye video: arusi, mahafali, matangazo ya sabuni. Sasa alikuwa na studio yake mwenyewe, vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya pikipiki, ambako harufu ya mpira na oili hupanda ngazi pamoja na wateja. Sheria yake ilikuwa moja, ngozi kwanza. Anga unaweza kulitia rangi unayotaka na hakuna atakayekushitaki, lakini mpe bibi arusi ngozi ya majivu uone kama shangazi zake hawatapanda ngazi.

Programu yake ya kuhariri ilikuwa na kidirisha cha kupimia mwanga, kama programu zote. Alikifunga mwaka ule ule alioinunua. Vijana wa studio nyingine walipomcheka aliwaambia kuwa kipimo hakina ngozi, sasa kitajuaje ngozi? Wakacheka zaidi, lakini kazi zikiwashinda walimletea yeye.

Na kweli, katika miaka yote hiyo jicho lile lilikosea mara moja tu. Halikukosea kwenye picha.

Ilikuwa miaka ishirini iliyopita. Mdogo wake wakati huo hakuwa mkunga, alikuwa mama mpya mwenye kichanga cha siku tatu, na alipita kwenye lile duka la picha akiwa njiani kutoka hospitali kurudi nyumbani. Akasema, Dada, mwangalie huyu, naona kama rangi yake siielewi. Jicho akamchukua mtoto, akamweka juu ya kaunta chini ya zile taa ndefu nyeupe, akamtazama kama anavyotazama picha. Akasema yuko sawa, ndiyo rangi ya kwao. Mdogo wake akashusha pumzi, akaenda zake. Siku ya pili yake mtoto alikataa kunyonya, akalegea, na walipomfikisha hospitali manjano ilikuwa imekwisha kupanda hadi kwenye ubongo. Binti yule aliishi, akakua. Sasa ni fundi cherehani, mrefu, mcheshi, mwenye wateja wa kumgombania. Lakini hasikii. Hajawahi kusikia sauti ya mama yake.

Mama yake alikwenda kusomea ukunga mwaka uliofuata. Katika miaka ishirini hakumlaumu dada yake hata siku moja, na mara nyingi Jicho alitamani angemlaumu, wakamaliza. Alipomletea kazi ya filamu hii, ya kuwafundisha wakunga jinsi ya kutambua ugonjwa wa manjano kwa watoto wenye ngozi nyeusi, hakueleza kwa nini ameileta kwake na si kwingine. Jicho naye hakuuliza. Aliipokea kwa mikono miwili.

Filamu ilitakiwa saa nane mchana siku hiyo. Wakunga sitini kutoka vituo vya afya vya mbali wangeitazama ukumbini, kisha kila mmoja angeondoka nayo kwenye simu yake. Kama mtoto wa dakika ya nne angeonekana amepauka tu, basi wakunga sitini wangekwenda vituoni wakijua kwamba hivyo ndivyo manjano inavyoonekana. Na mtoto mwenye manjano ya kweli angefikishwa mbele yao, wangemtazama, wangesema yuko sawa.

Mkunga alifika saa tatu na nusu akiwa na sare yake, kompyuta ya mkononi kwapani, jasho limemtoka kwa ngazi. Hakukaa. Alifungua kompyuta yake juu ya meza, mbele ya skrini kubwa ya Jicho, wakacheza filamu ile ile pande zote mbili hadi dakika ya nne.

Kwenye skrini kubwa, kidole kiliinuka na manjano ikabaki pale pale, haina ubishi. Kwenye kompyuta ya mkunga, picha yote ilikuwa kama imepigwa kupitia mvuke wa birika. Viatu vyeusi vya mkunga vilikuwa vya kijivu, shashi imechuja, na pale kidole kilipoinuka palibaki alama hafifu, rangi ya unga.

Jicho akasema kompyuta hiyo ni mbovu. Mkunga akatoa simu, akaicheza humo. Unga vile vile. Akasema na ukumbini saa mbili asubuhi ilikuwa hivyo hivyo, ukutani, mtoto mkubwa kama mlango, na hana manjano.

"Zote tatu zimekula njama?" akauliza.

Hapo ndipo Jicho alipofanya jambo ambalo baadaye lilimtia aibu kuliko mengine yote. Alisema ni kitu kidogo, atamwongezea manjano, dakika tano hazifiki. Akashika kipanya, akavuta rangi. Akatoa kipande kifupi, wakakitazama kwenye kompyuta ya mkunga. Mtoto alikuwa wa manjano, ndiyo, lakini shuka ilikuwa kama utando wa bwawani, shashi imekuwa siagi, na mtoto mwingine, yule mzima wa dakika ya tatu aliyewekwa kwa kulinganisha, naye alikuwa wa manjano.

"Usimpake rangi, Dada," mkunga akasema. "Manjano ya kupaka hata mimi ninayo nyumbani, ya mchuzi. Mimi namtaka yule yule, alivyokuwa."

Saa nne na dakika kumi. Kutoa filamu nzima kutoka kwenye programu kulichukua dakika arobaini, na hospitali ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Kama kosa halijapatikana kufikia saa sita, basi hakuna filamu. Jicho akafanya kile anachofanya fundi yeyote akikwama, akaanza kueleza kwa sauti tangu mwanzo, na mkunga akasimama akisikiliza, mikono ameikunja.

Alieleza kwamba kati ya giza na mwanga kompyuta huhesabu ngazi, kuanzia sifuri hadi mia mbili hamsini na tano. Lakini kamera nyingi za video zina adabu iliyotoka kwenye televisheni za zamani: hazitumii ngazi zote. Nyeusi huiweka kwenye ngazi ya kumi na sita, nyeupe kwenye mia mbili thelathini na tano, juu na chini zinaacha nafasi, kama mtu asiyejaza kikombe hadi kwenye mdomo. Programu ikipokea picha ya namna hiyo, huivuta ikajaa, kumi na sita ikawa nyeusi kabisa na ile ya juu ikawa nyeupe kabisa. Sasa kamera yake ya zamani, aliyoitumia miaka tisa, haikuwa na adabu hiyo. Ilijaza kikombe pomoni, na wala haikusema. Programu ikaivuta picha ambayo tayari imejaa, na kila cheusi kikatumbukia shimoni, kila cheupe kikaungua. Basi Jicho akatengeneza kichujio cha kuibana picha kwanza, kabla programu haijaivuta. Akakiita Dawa. Kila kipande kilichotoka kwenye kamera ile kilipewa Dawa kabla ya kitu kingine chochote.

Filamu hii ilipigwa kwa kamera mpya ya hospitali. Lakini siku ya kwanza alipofungua vipande vyake kwenye skrini kubwa, aliuona ugonjwa ule ule. Viatu vya mkunga vilikuwa shimo. Shashi imeungua, nyuzi hazionekani. Aliutambua kama mtu anavyomtambua mkwe kwa kikohozi kabla hajabisha hodi. Hata alicheka peke yake, kamera mpya, maradhi ya babu yake. Akaipa Dawa, ikapona.

"Ulipima?" mkunga akauliza. Aliuliza kwa sauti anayowaulizia wanafunzi wodini, isiyo na ukali wala upole.

"Nilimwona, nimekwambia."

Mkunga akamtazama dada yake usoni.

"Siku ile dukani pia ulimwona."

Chini, kwenye duka la vipuri, mtu alikuwa akigonga chuma kwa nyundo. Aligonga mara nne, akanyamaza, akagonga tena. Jicho alikuwa ameyasubiri maneno hayo miaka ishirini na alikuwa ametayarisha majibu mengi, ya kujitetea na ya kuomba msamaha. Aligeukia kompyuta, akaanza kutafuta kidirisha cha kipimo. Ilimchukua muda. Alikuwa amesahau kilipojificha.

Kilipofunguka kilikuwa kisanduku cheusi chenye majani ya kijani yaliyosimama, marefu na mafupi, kama bustani inayoonekana ubavuni. Chini sakafu, sifuri. Juu dari, asilimia mia moja. Kila kilichokuwa cheusi kwenye picha kilipaswa kulala sakafuni, na kila cheupe kupanda karibu na dari. Jicho akaisogeza filamu hadi dakika ya nne, akasimamisha. Akatafuta viatu vyeusi vya mkunga, chini kushoto. Havikuwa sakafuni. Vilielea kwenye sita. Akatafuta shashi. Ilipaswa kukaribia tisini, ilining'inia themanini na nne.

"Amebanwa," akasema polepole. "Amebanwa mara mbili, na kamera, kisha na Dawa."

Akaondoa Dawa. Majani yakajinyoosha, chini yakagusa sakafu, juu yakafika tisini. Kila kitu mahali pake. Akainua macho kwenye skrini kubwa. Viatu vilikuwa shimo. Shashi ilikuwa inawaka. Manjano ya mtoto ilipiga kelele kama rangi ya mlango, na ngozi yake ilikuwa ngumu, ya udongo uliochomwa. Picha mbaya. Angekuwa mtoto wa mteja, asingethubutu kuitoa nje ya mlango.

Mkunga naye alikuwa akitazama huku na huku, kipimo na skrini.

"Mmoja wao mwongo," akasema.

Jicho alisimama. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuitazama picha iliyokuwa ndani ya skrini, aliitazama skrini yenyewe: kingo zake nyeusi, alama ya duara iliyoachwa na chombo cha maua kwenye kitako chake, stika ya mtoto wa jirani kwenye kona. Skrini yake ya kazi ilikufa wiki tatu zilizopita kwa harufu ya kuungua, na kwa kuwa kazi hii ilikuwa inamsubiri, alibeba televisheni ya sebuleni. Televisheni. Chombo kile kile kilichozoea kupokea picha zenye adabu, kikombe kisichojaa, na kuzivuta chenyewe. Kompyuta iliipa picha iliyokwisha kuvutwa, nayo, kwa mazoea yake, ikaivuta tena. Kila alichokitazama kwa wiki tatu alikitazama kimevutwa kupita kiasi.

Kamera haikuwa na ugonjwa wowote. Alimpa dawa mzima kwa sababu kioo cha kumtazamia ndicho kilichokuwa kinaumwa. Na ndani ya chumba hiki makosa hayo mawili yalishikana mikono, moja likibana na moja likivuta, hata picha ikaonekana nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Ilipovuka mlango, kosa la televisheni lilibaki chumbani, na la kwake likaenda na mtoto.

"Huyu ndiye," akasema, akaigonga televisheni kwa kidole. "Kuna mahali ndani ya menyu pa kumwambia aache kuvuta. Nahitaji rimoti tu."

Rimoti ilikuwa nyumbani. Akampigia mumewe, fundi wa majokofu, aliyepokea simu akiwa na kichwa ndani ya jokofu la mtu, sauti inatoka kama kisimani. Akasema televisheni ilichukuliwa, yeye akaachiwa rimoti kama mjane aliyeachiwa kofia. Iko chini ya mto wa kochi, mlango amefunga, ufunguo anao, naye yuko mwisho mwingine wa mji. Akauliza kama ni ya haraka. Jicho akakata simu bila kuaga, jambo ambalo katika ndoa yao lilikuwa geni.

Saa tano kasoro dakika tano.

Vipande vilikuwa arobaini na kimoja, na kila kimoja kilikuwa kimepewa Dawa na juu yake marekebisho mengine madogo yaliyotegemea Dawa hiyo. Ilibidi kuvipitia vyote. Na ilibidi kuvipitia bila kutazama picha, kwa sababu picha iliyokuwepo ilikuwa ya uongo na macho yake, akiyaacha, yangeifuata. Alikuwa anajijua. Angefika kipande cha kumi, mkono ungeanza kupunguza, kulainisha, kuponya.

Akavua mtandio wake kichwani, akaifunika televisheni.

Mkunga alivuta stuli akakaa begani kwake. Jicho alitoa Dawa, alisogeza, alisimamisha. Mkunga, aliyekuwapo kila kipande kilipopigwa, alisema nini kilikuwa cheusi na nini kilikuwa cheupe siku hiyo, naye Jicho akakitafuta kwenye majani. Viatu, sifuri na nusu. Sawa. Shashi, themanini na tisa. Sawa. Nywele za mama wa mtoto, mbili. Zilikuwa nyeusi namna hiyo? Nyeusi, alikuwa katoka kuzipaka rangi, na siku tatu za uzazi hazikumzuia. Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wenye roho mkononi, wakaendelea.

Kwenye dakika ya tisa majani yalivuka dari. Ni pale mkunga anapombeba mtoto hadi dirishani kuonyesha kwamba manjano hutafutwa kwenye mwanga wa mchana, na mwanga huo ulikuwa umepanda hadi mia moja na sita. Jicho alikunja uso. Hapo zamani angesema kimeungua, basi. Lakini ile nafasi ambayo kamera ya adabu huiacha juu ya nyeupe si tupu. Mwanga ukizidi huenda kukaa humo, na picha haiuonyeshi mpaka uushushe. Akaushusha polepole, jani kwa jani, na kwenye kompyuta ya mkunga walipokijaribu, dirisha lililokuwa jeupe tupu lilirudisha fremu zake, wavu wa mbu na ukingo wa sikio la mtoto uliokuwa umemezwa na mwanga.

"Kumbe lilikuwepo," mkunga akasema.

Saa sita na dakika tatu Jicho alibonyeza kitufe cha kutoa filamu. Mstari wa buluu ukaanza kutambaa. Asilimia moja. Feni ya kompyuta ikaanza kulia. Sasa hapakuwa na la kufanya ila kukaa, na kukaa kulikuwa kugumu kuliko kazi. Mkunga alivua viatu, akasugua vifundo vya miguu. Asilimia kumi na nane.

Jicho akamgeukia.

"Kwa nini uliileta kwangu?"

Mkunga hakuinua uso kutoka kwenye miguu yake. "Kwa sababu wewe usingeikosea tena." Akasugua kidogo. "Nilidhani."

Hapakuwa na tabasamu, lakini pembe ya mdomo ilicheza kidogo, namna ilivyokuwa ikicheza walipokuwa wadogo na amemfichia dada yake kiatu. Jicho akacheka na akalia kwa pumzi moja, akajifuta kwa kitambaa cha vumbi, akabaki na mstari mweusi shavuni. Mkunga akauona, akauacha.

Mstari wa buluu ulifika mwisho saa saba kasoro kumi na tano. Walicheza kwenye simu ya mkunga, kisha kwenye kompyuta yake, kisha kwenye simu ya mwenye duka la vipuri, aliyepanda ngazi kuona ni nani anayekimbia huku juu na akabaki ameshikilia simu yake bila kuelewa. Kidole kikashuka. Kikainuka. Manjano, ya kiini cha yai, juu ya ngozi laini ya mtoto wa siku tatu. Shashi nyeupe. Mtoto wa dakika ya tatu, mzima, hana hata chembe. Mkunga alicheza sekunde hiyo mara sita.

"Ndiye," akasema. "Huyu ndiye niliyembeba."

Walitembea upesi, bila mtandio, bila chakula. Ukumbi ulijaa, madirisha yamefungwa mapazia, wakunga sitini wanapiga soga kama hawajaonana miaka. Jicho alikuwa amepanga kukabidhi filamu mlangoni na kurudi. Mdogo wake akamwonyesha kiti cha nyuma kabisa kwa kidevu, na akionyesha hivyo hapakuwa na wa kubishana naye hospitali nzima.

Dakika ya nne ilipofika, soga zilikuwa zimekwisha. Kidole kikashuka ukutani, kikubwa kama gogo. Kikainuka. Mahali fulani katikati mtu akasema "ehee" kwa sauti ya chini, na viti vikalia, watu wakisogea mbele. Jicho alitazama migongo yao, hakutazama ukuta.

Taa zilipowashwa, wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mkunga mnene mwenye miwani ya kamba. Akasema yeye ana miaka ishirini na sita kazini, watoto aliowapokea wamekwisha kumletea watoto wao. Filamu ni nzuri. Lakini alikuwa na swali, mwalimu amsamehe.

"Mtoto nimemtazama mwenyewe, dirishani, na kubonyeza nimebonyeza. Kama naona kabisa yuko sawa, ila mama yake tu ndiye ana wasiwasi, bado nimpime damu?"

Watu wakacheka, cheko la kumuunga mkono. Mdogo wake Jicho alifungua kinywa ajibu, akakifunga. Macho yake yalipita juu ya vichwa vyote hadi kiti cha nyuma. Hayakuomba kitu. Yalifika tu.

Jicho alikuwa mtu wa vyumba vyenye pazia, na mbele ya watu zaidi ya watatu sauti humpotea. Alisimama. Akashika kiti cha mbele yake.

"Mimi nilimwona yuko sawa," akasema.

Wakageuka. Aliwaambia ilikuwa dukani, chini ya taa ndefu nyeupe, mtoto wa siku tatu, na mama yake ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Akawaambia mtoto huyo sasa ana miaka ishirini, anashona nguo nzuri, na hasikii. Aliwaambia pia juu ya asubuhi ya leo, chumbani kwake, jinsi alivyomtazama mtoto huyu waliyemwona ukutani wiki mbili nzima na akamkosea tena. Hakueleza ngazi wala adabu za kamera. Alisema jambo moja lililokuwa likimsumbua tangu alipofunika televisheni.

"Mara zote mbili sikuwa na shaka hata kidogo."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Yule mkunga wa miwani alimtazama muda mrefu, mstari mweusi shavuni na kichwa wazi, kisha akainama kwenye daftari lake akaandika.

Mbele, mdogo wake Jicho akamgeukia yule mwenye miwani.

"Mpime," akamjibu.

Kisha akaomba taa zizimwe, warudie dakika ya nne.